Mchezo wa makombora ya nyuklia: anayeshinda ni nani, na anayehesabiwa ni nani?

Kuna mchezo mmoja wa kompyuta unaoitwa DEFCON. Uliundwa na kampuni ndogo ya Uingereza, Introversion Software, na ulitoka mwaka 2006. Hauna askari anayekimbia na bunduki, wala damu inayoruka. Mchezaji anaona ramani ya dunia tu, mistari ya buluu juu ya giza, na nukta zinazoonyesha miji. Kombora la nyuklia likitua, panatokea mwanga mweupe, kisha maandishi mafupi: jina la mji, na idadi ya mamilioni waliokufa. Basi. Mchezo unaendelea.

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, vijana wengi wanapenda michezo ya vita. Wengine wanaicheza kwenye simu, wengine kwenye kompyuta za kulipia kwa saa. Wazazi wanalalamika kwamba watoto wanapoteza wakati. Wachungaji wanakemea. Vijana wenyewe wanajibu kwamba ni mchezo tu, hakuna anayekufa. Kila upande una sababu zake, lakini swali lenyewe linabaki pembeni: mchezo wa namna hiyo unamfundisha nini anayeucheza? DEFCON unafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu unasema wazi kile ambacho michezo mingi ya vita inaficha. Unahesabu raia waliokufa, na kwa kila milioni unatoa pointi.

Namna unavyochezwa

Dunia ya mchezo imegawanywa sehemu sita: Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Ulaya, Urusi, Asia na Afrika. Kila mchezaji anapewa sehemu yake, na wote wanaanza na silaha sawa. Kwa kanuni za kawaida, kila mmoja ana watu milioni 100 wa kulinda. Ana rada, viwanja vya ndege, meli za vita na nyambizi. Zaidi ya yote ana silo sita, yaani mashimo ya chini ya ardhi ya kurushia makombora, na kila silo ina makombora 10 ya nyuklia.

Vita havianzi mara moja. Mchezo unashuka ngazi kwa ngazi, kutoka 5 mpaka 1, kwa kufuata ngazi za tahadhari za jeshi la Marekani zilizoupa jina. Kwenye ngazi za juu wachezaji wanapanga silaha zao tu. Ngazi ya 3 ikifika, meli na ndege zinaanza kupigana. Makombora ya nyuklia yanaruhusiwa kwenye ngazi ya 1 peke yake.

Jambo la kwanza ambalo mchezaji mgeni hulikosea ni silo. Silo moja ina kazi mbili. Inaweza kulinda, kwa kudungua makombora na ndege za adui. Inaweza pia kushambulia, kwa kurusha makombora yake. Lakini haiwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Ukitaka ibadilike kutoka ulinzi kwenda mashambulizi, lazima usubiri, na ukitaka irudi kwenye ulinzi, lazima usubiri tena. Tena silo ikisharusha kombora moja tu, mahali ilipo panaonekana na wachezaji wote.

Kwa hiyo mgeni hufanya hivi: ngazi ya 1 inafika, hana subira, anafungua silo zote sita na kurusha kila kitu. Makombora yanapaa kwa mistari mizuri kwenye ramani, naye anafurahi. Wakati huohuo miji yake haina mlinzi hata mmoja. Wengine wameshaona silo zake ziko wapi, na wao bado wamefunga zao kwenye ulinzi. Wanadungua sehemu kubwa ya makombora yake, kisha wanamjibu kwa utulivu. Mara nyingi aliyerusha wa kwanza ndiye anayemaliza wa mwisho.

Ufundi wa mchezaji mzoefu

Mchezaji mzoefu anasubiri. Anaacha silo kwenye ulinzi kadiri anavyoweza na kutumia rada, ndege na meli kujua wengine wameweka nini na wapi. Nyambizi anazisogeza polepole karibu na pwani ya adui, kwa sababu makombora yake hayafiki mbali kama ya silo. Anajua pia kwamba nyambizi ikitaka kurusha lazima ijitokeze juu ya maji, na ikijitokeza inaonekana. Kwa hiyo haiharakishi.

Saa yake ya kufungua silo inafika pale wengine wanapofungua zao. Silo ya jirani iliyo kwenye mashambulizi haiwezi kudungua kitu, na huo ndio mlango. Hapo anapanga makombora yake yafike pamoja, kutoka baharini, angani na ardhini. Kombora moja likija peke yake linadunguliwa. Makombora 20 yakifika kwa dakika moja, ulinzi unachoka na mengine yanapita.

Kuna na hesabu ya miji. Kombora likipiga mji, linaua karibu nusu ya watu waliopo. Mji wa watu milioni 10 ukipigwa mara ya kwanza, milioni 5 wanakufa. Ukipigwa mara ya pili, wanakufa milioni 2 na nusu. Mara ya tatu, milioni 1 na robo. Mzoefu anajua kwamba kombora la tatu juu ya mji uleule limepotea bure, ni afadhali liende kwenye mji mwingine mkubwa ambao haujaguswa.

Mtu akisoma maneno hayo kwa sauti mbele ya familia iliyolala chini ya shitingi, yanatisha. «Limepotea bure.» Lakini mchezaji hasemi hivyo kwa ubaya. Anasema hivyo kwa sababu sheria za mchezo zimemfundisha kufikiri hivyo, na hapo ndipo penye jambo la kujadili.

Pointi mbili kwa wao, pointi moja kwa wetu

Kwa kanuni ya kawaida, kila milioni ya watu wa adui unaowaua inakupa pointi 2. Kila milioni ya watu wako wanaokufa inakuondolea pointi 1. Ni sheria ya mstari mmoja, na inafaa kuipigia hesabu.

Mchezaji wa kwanza ameua milioni 40 za wengine na kupoteza milioni 60 za watu wake. Anapata 80, anaondolewa 60, anabaki na pointi 20. Mchezaji wa pili alijilinda vizuri. Ameua milioni 5 na kupoteza milioni 10. Anapata 10, anaondolewa 10, anabaki na sifuri. Kwa wa kwanza, zaidi ya nusu ya watu wamekufa. Kwa wa pili, milioni 90 wako hai. Mashine inatangaza kwamba mshindi ni wa kwanza.

Kwa nini? Si kwa sababu alikuwa hodari zaidi. Ni kwa sababu aliyeandika sheria aliamua kwamba kifo cha mtu wa upande wa pili kina uzito mara mbili kuliko kifo cha mtu wa kwako. Waundaji wa mchezo hawakufanya hivyo kwa kukosa akili. Walipata wazo kutoka filamu ya Marekani ya mwaka 1983 iitwayo WarGames, ambamo kompyuta ya jeshi inakuja kugundua kwamba vita vya nyuklia havina mshindi. Walitaka mchezaji ashinde, kisha atazame ramani yake na kujiuliza ameshinda kitu gani. Wanaousikiliza kwa makini wanasikia pia, chini ya muziki, sauti ya mtu anayekohoa na mwanamke anayelia kwa mbali.

Lakini mchezo huohuo una njia nyingine za kuhesabu, na hili wachezaji wengi hawalijaribu. Kuna kanuni ambayo pointi zinatoka kwa watu walio hai tu: kila milioni ya watu wako waliobaki inakupa pointi 1, na wafu wa upande mwingine hawakupi kitu. Chukua wachezaji walewale wawili. Sasa wa kwanza ana 40, wa pili ana 90. Silaha hazikubadilika. Ramani haikubadilika. Kilichobadilika ni kitu kinachohesabiwa, na mshindi amegeuka.

Namna ya kucheza nayo inageuka. Kwa kanuni hii hakuna faida ya kuangamiza mji wa mbali. Silo inakaa kwenye ulinzi, ndege zinalinda mipaka, na kombora linalorushwa linalenga silaha inayotishia, si watu. Vijana walewale waliokuwa wakishindana kuua wanaanza kushindana kuokoa. Hakuna mahubiri yaliyotolewa wala kitu kilichokatazwa. Hesabu tu ndiyo iliyobadilishwa.

Hilo ndilo somo kubwa la mchezo huu, na wakaaji wa Kivu na Ituri wanaweza kulielewa kuliko wengi. Wenye silaha hufanya kile wanachopewa pointi kwa kukifanya. Kamanda akisifiwa kwa vijiji alivyochukua, atachukua vijiji. Akihesabiwa maadui aliowaua, atatafuta watu wa kuhesabu. Taarifa za vita zikitaja mlima uliotekwa na silaha zilizokamatwa, bila kutaja familia ngapi zilitoka usiku na mikeka kichwani, basi familia hizo zina uzito wa sifuri katika hesabu ya wakubwa. Vita havina macho, wazee walisema. Lakini wanaoandika hesabu ya vita wana macho, na wanachagua cha kuandika.

Watu ambao mchezo hauwaoni

Kuna pengo moja ambalo hata kanuni nzuri zaidi ya DEFCON hailizibi. Mji ukipigwa, nusu ya watu wanakufa na nusu wanabaki. Hao waliobaki wanakaa palepale. Hawatembei. Hakuna nukta ndogo zinazotoka mjini na kufuata barabara. Hakuna mji jirani unaojaa, wala shule inayogeuzwa mahali pa kulala, wala kisima kinachokauka kwa sababu watu wameongezeka mara tatu. Dunia ya mchezo ina walio hai na waliokufa tu. Wakimbizi hawamo.

Mama aliyepoteza shamba lake la mihogo ni mzima, kwa hiyo kwa mchezo hajapoteza kitu. Mtoto aliyeacha darasa la nne na hajarudi ni mzima. Baba aliyekuwa seremala, na sasa anabeba mizigo ya watu sokoni, ni mzima. Wote wamo ndani ya namba ya waliookoka, na namba hiyo haina neno la kuongeza. Kwa watu wanaojua kukimbia ni nini, hilo ni kosa kubwa kuliko makombora yenyewe. Vita vingi vya kweli vinaacha nyuma yao watu wengi zaidi waliohamishwa kuliko waliouawa. Mchezo wa vita usio na wakimbizi unamfundisha kijana kwamba mtu akinusurika, habari yake imekwisha. Hapa kila mtu anajua kwamba hapo ndipo habari yake inapoanza.

Afrika ya kwenye ramani na Afrika ya kweli

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa Kongo anastahili kuambiwa akikaa mbele ya mchezo huu. Kwenye ramani, Afrika imepewa silo sita sawa na Urusi na Amerika ya Kaskazini. Katika dunia ya kweli hakuna nchi ya Afrika yenye silaha hiyo leo. Afrika ya Kusini ilitengeneza mabomu sita, kisha ikayavunja yote. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, unaifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia.

Lakini Afrika, na Kongo hasa, imo ndani ya historia ya bomu tangu ukurasa wa kwanza. Mwaka 1939 Albert Einstein alipomwandikia Rais Roosevelt wa Marekani kuhusu uwezekano wa bomu la namna mpya, barua hiyo ilitaja kwamba chanzo muhimu zaidi cha urani kiko Kongo ya Wabelgiji. Chanzo hicho ni Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi ya leo. Urani ya mahali pengine ilihitaji mawe mengi sana kutoa kiasi kidogo. Ya Shinkolobwe ilikuwa na nguvu ambayo wataalamu hawakuwahi kuiona. Mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mgodi ukafunguliwa upya ili utoe mengine. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kwa bomu hilo moja.

Wafanyakazi wa Kongo waliochimba na kuchambua mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa ni ya kazi gani. Habari zao hazikuandikwa sana. Katika hesabu ya bomu wao pia walikuwa sifuri. Hata baadaye, watu wa eneo hilo waliendelea kuchimba kwa njaa mpaka serikali ilipokataza mwaka 2004, na mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua wachimbaji.

Kwa hiyo kijana wa Kongo akipewa makombora kwenye kioo, asidhani anagusa kitu cha nchi za mbali. Jiwe lilitoka kwao. Mchezo hauna mgodi. Kila mtu anapewa makombora yakiwa tayari, kana kwamba yameota yenyewe ndani ya mashimo. Hapo pia kuna watu walioondolewa kwenye hesabu.

Kukataza au kufundisha?

Wengine watasema basi michezo hii ikatazwe, hasa kwa watoto waliosikia mabomu ya kweli. Wana hoja. Mtoto anayeshtuka akisikia mlango ukigongwa hapaswi kukalishwa mbele ya ramani inayowaka, na hakuna mtu mzima anayepaswa kumlazimisha kwa kusema ni mchezo tu. Kwake si mchezo. Huyo apewe mpira, ngoma, daftari, na mtu wa kumsikiliza.

Lakini kwa vijana wakubwa, kukataza hakusaidii sana. Watacheza pengine, usiku, bila mtu wa kuwauliza kitu. Ni bora wenye vyumba vya kompyuta na walimu wa vijana wafanye jambo rahisi lisilogharimu franka hata moja: waache mchezo uchezwe mara mbili. Mara ya kwanza kwa kanuni ya kawaida, pointi mbili kwa wafu wa wengine. Mara ya pili kwa kanuni ya walio hai. Kisha kompyuta zizimwe, na vijana waulizwe maswali matatu. Ni nani alishinda mara ya kwanza, na kwa nini hakushinda mara ya pili? Watu walionusurika katika miji iliyopigwa wangeenda wapi? Na nani aliyechimba jiwe?

Swali la pili litajibiwa vizuri zaidi na vijana waliotoka kambini kuliko na mtaalamu yeyote. Wanajua barabara zinajaa saa ngapi. Wanajua nani anaachwa nyuma, na mji unaopokea watu unahitaji nini siku ya kwanza, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza. Kati yao wapo wanaojifunza kutengeneza programu. Siku moja mmoja wao anaweza kuunda mchezo ambao mji ukipigwa, watu wanatembea, na mchezaji anapata pointi kwa kila familia aliyoipatia maji, shule na njia ya kurudi nyumbani. Mchezo huo ungekuwa mgumu kuliko DEFCON, na hautamalizika kwa nusu saa.

Mpaka huo uje, DEFCON unabaki na funzo ambalo hata wenye vyeo wangepaswa kulisikia. Mchezaji bora wa makombora si yule anayeyarusha mengi. Ni yule anayejua kwamba silo inayoshambulia haiwezi kulinda, na kwamba kombora likishatoka halirudishwi. Nao watu wa kawaida wana haki ya kudai jambo moja kwa kila anayetangaza ushindi, awe kijana kwenye kioo au mkubwa kwenye redio: kabla ya kusoma pointi, asome kwanza ni familia ngapi zimelala nje usiku huo.